Wakwe Getini, Kiboko Bustanini

Mafunjo yalipumua.

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, na baadhi yenu mmenitumia matusi kwa simu. Asanteni sana. Mama mmoja wa Gilgil ameniuliza tangu lini mafunjo yakapumua. Mama, hayapumui. Aliyepumua alikuwa ndani yake.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, kwa sababu umefungiwa nyama na gazeti hili pale Kikopey, nitakwambia mbio mbio. Mzee Kabiru ana duka la hardware Naivasha mjini na boma kando ya ziwa. Sheria za ufuo hata mbuzi angezielewa. Usikate mafunjo. Usijaze udongo majini. Usijenge ukuta. Njia ya wanyama ya kwenda majini usiizibe. Ukitaka kubadilisha chochote, uliza kwanza.

Mzee Kabiru alizisikia zote, akazifuata kama orodha ya kazi. Akakata mafunjo, akabakisha kichaka kimoja tu cha kupigia picha. Akajaza udongo, akapanda nyasi. Akajenga ukuta. Na asubuhi ya leo akamwamuru fundi wake, Ndung'u, azibe pengo la mwisho, maana leo ni ruracio ya Mugure, binti yake wa pekee, na wakwe wanatoka Rongai kuleta mahari. Hutaki mkwe akukute na ukuta wenye pengo. Atafikiri nini?

Pengo hilo, wasomaji wangu, lilikuwa njia ya kiboko. Na kiboko alikuwa ameshaingia kula nyasi, kukamkucha, akajilaza ndani ya kile kichaka cha picha.

Basi mafunjo yakapumua tena, na kichwa kikatokea. Kichwa kikubwa, cha kijivu, kimevaa magugu kama kofia ya harusi.

Mzee Kabiru, ambaye tangu mwaka uanze anatembea na fimbo akidai goti linamsumbua, alikimbia. Fimbo akaiacha. Kiatu kipya cha ngozi, cha mguu wa kushoto, akakiacha. Goti lilipona hapo hapo.

"Ndung'u! Hiyo ni nini?" akauliza akiwa kwenye veranda.

"Ni kiboko, boss."

"Najua ni kiboko! Ameingia aje?"

"Kwa njia yake."

"Si nilikuambia uzibe?"

"Nimeziba, boss. Sasa ukifunga mlango na mwenyewe yuko ndani..."

"Kwani hukumwona?"

"Nilikuwa naangalia ukuta. Ulisema nikiangalia kitu kingine utanifuta kazi."

Na papo hapo, nje ya geti, wanawake wakaanza kuimba.

Wakwe walikuwa wamefika. Tena walikuwa wamefika saa waliyosema, jambo ambalo katika historia ya kuozana halijawahi kumpata mtu yeyote Naivasha.

Kama hujawahi kuhudhuria ruracio, jua kwamba mgeni hafunguliwi geti hivi hivi. Anaimba. Wanawake wa ndani wanamuuliza kwa wimbo yeye ni nani, ametoka wapi, anatafuta nini. Anajibu kwa wimbo. Wao wanajifanya hawajasikia. Ni mchezo, na kila mtu anajua ni mchezo, na mwishowe geti hufunguliwa kwa vigelegele.

Kiongozi wa wanawake wa ndani alikuwa Wawira, dada ya marehemu mkewe Mzee Kabiru, aliyemlea Mugure tangu mama yake aende. Huyu mama ameshasimamia mageti mengi. Kuna wakwe wamewahi kulia mbele yake.

"Wawira, usifungue!" Kabiru akamkimbilia.

"Kwani nilikuwa nafungua? Hata jasho halijawatoka."

"Nasema usifungue kabisa. Kuna kiboko kwa nyasi."

Wawira akatazama nyasi. Akamtazama shemeji yake, akaona soksi. Uso haukubadilika hata kidogo. Akageukia geti na kuimba kwa nguvu zaidi, akiwauliza wageni kama walikuja kwa miguu au waliangushwa na upepo.

Huyo ndiye mtu wa kuwa naye siku ya msiba.

Mugure alitoka ndani na kitambaa cha maharusi mkononi. Hakupaswa kuonekana mpaka mchumba wake, Weldon, amchague kati ya wasichana waliofunikwa. Lakini alikuwa amesikia neno kiboko, na Mugure si wa kukaa chini ya kitambaa neno kama hilo likitajwa.

"Baba, tuwaambie ukweli. Wangojee mjini, tuite watu wa wanyamapori."

"Nimwambie mkwe nini? Karibu, lakini ngoja kiboko amalize kula?"

"Ndio. Hivyo tu."

"Mimi, Kabiru? Watanicheka mpaka Rongai."

"Wajomba zake Weldon hawakutaka kuja, Baba. Walisema sisi watu wa huku tutawadharau. Amewabembeleza tangu Pasaka. Leo wakirudi bila kuingia, hawaji tena." "Nampenda huyu kijana. Hawa watu wakienda, nitabaki hapa na wewe na ukuta wako."

Mzee akamgeuzia mgongo. Alienda kuchungulia kwenye tundu la geti, kuona kama wageni ni wengi kiasi cha kuweza kumcheka vizuri. Akachungulia. Akarudi nyuma kama aliyechomwa na stima.

"Yule mama wa mbele, mwenye kibuyu cha maziwa ya mursik, ni nani?"

"Si ndiye mama Weldon. Anaitwa Jepkemei."

"Ngai! Ulisema anafanya kazi ya maji!"

"Si anafanya? Kwani ziwa ni nini?"

"Mimi nilidhani anauza ya mtungi!"

Mnamkumbuka yule afisa wa mashua? Kama humkumbuki, ni hivi. Mwezi wa tatu mama mmoja wa ofisi ya ufuo alikuja kwa maji, akasimamisha mashua mbele ya ukuta wa Kabiru, akatoa kopo la rangi nyekundu, akachora X kubwa upande wa ziwa. Maana yake ni moja: bomoa. Kabiru alikuwa nyumbani. Alikuwa nyuma ya pazia la choo, hapumui.

Mama alipoenda, mzee alipaka X ile rangi nyeupe ya duka lake mwenyewe. Wateja wake wanaijua rangi hiyo. Mvua moja tu, X ikarudi, sasa ikiwa ya pinki. Ndiyo maana kitambaa kikubwa cha KARIBUNI WAKWE WETU kilikuwa kimetundikwa upande wa ziwa, ambako hakuna mkwe angetokea, labda awe kambare.

Siku ya kujitambulisha Jepkemei hakuja, alikuwa kazini, bila shaka akimchorea mwingine X yake. Na kwa kuwa alikuja kwa mashua, boma hili kutoka upande wa barabara hakulijua. Kwa hiyo alikuwa pale getini anaimba kwa furaha, mama wa watu, hajui anaimbia nani.

Sasa pima shida ya Mzee Kabiru. Ndani, mnyama asiyeweza kutoka. Nje, mwanamke asiyetakiwa kuingia. Katikati, goti.

Ndung'u alikuwa amewapigia simu watu wa wanyamapori. "Wanasema wako njiani, boss."

"Wako wapi?"

"Longonot. Wanasema tusimsogelee, tumfungulie njia yake atarudi majini mwenyewe. Simiti ya asubuhi bado ni mbichi. Nyundo kidogo tu, inaanguka."

"Hakuna mtu anabomoa kitu! Nibomoe yule mama akiwa hapo nje? Si ni kama kumwambia ndiyo, ni mimi?" Akafikiri, na Mzee Kabiru akifikiri mwenye akili hukaa mbali. "Kiboko anaogopa kelele. DJ! Ongeza!"

DJ akaongeza. Spika zikatetemesha sufuria za pilau.

Kiboko hakuogopa. Alikasirika. Alitoka kwenye kichaka na mwili wake wote, akasimama katikati ya bustani, akafungua mdomo. Wachoma nyama walipanda juu ya tangi la maji. DJ aliacha muziki ukicheza, akawafuata, na ngazi akaivuta juu. Wanawake wa Wawira wakajibana ukutani kwa geti, wakiimba na machozi. Hapo hakuna aliyekuwa anacheza, ndugu zangu. Mnyama huyo ameshawaua watu wengi kando ya ziwa hili, na kila mtu pale alilijua hilo.

Kisha kiboko akainamisha kichwa, akaanza kula nyasi. Nyasi zile zililetwa kwa lori na kumwagiliwa kila jioni. Tangu zipandwe, hakuna mgeni aliyezisifu kiasi kile.

Mugure alipita nyuma ya nyumba, akang'oa waya wa spika. Kukanyamaza. Na katika ukimya huo kiboko akakoroma, mkoromo mmoja mrefu uliotikisa bati la geti.

Nje, wimbo ukakatika.

Jepkemei alikuwa amechoka kuimba. Alikuwa amehamisha chungu cha maua kutoka kwenye jiwe jeupe la saruji lililo kando ya geti, akakaa juu yake apumzishe miguu. Sasa akainua mkono, wakwe wote wakatulia.

"Mama wa ndani," akaita. "Hiyo ni sauti ya nini?"

"Ni wazee," Wawira akajibu bila kupepesa. "Wamelala wakiwangoja."

Kiboko akang'oa nyasi. Ikasikika krap, krap.

"Wazee wenu wanakula nyasi?"

"Wengine," Wawira akasema.

Mugure hakungoja tena. Bi harusi hasemi getini, mila haimruhusu, na nyanya wawili walimshika mkono. Akajitoa. Akafungua kile kidirisha kidogo cha geti, uso kwa uso na mama mkwe.

"Mama, ni mimi Mugure. Samahani. Sio kuwadharau, haki ya Mungu si kuwadharau. Kuna kiboko ndani. Baba amejenga ukuta akaziba njia yake."

Jepkemei akainama kwenye kidirisha.

"Ukuta wa mawe? Upande wa maji?"

"Ndio, Mama."

"Ulikuwa na X?"

"Ilipakwa rangi."

"Ya duka gani?"

"Ya kwetu."

"Basi bado ipo." Akasimama, na yule mama wa mursik akaondoka, akabaki afisa. "Weldon, rudisha watu wote ndani ya magari. Hakuna mtu kupiga kelele. Wewe mama wa wimbo, toa wanawake na watoto kwa geti dogo, pole pole. Na mwenye ukuta aende na nyundo kwa upande wa jirani, pale mafunjo hayajakatwa. Afungue alipofunga. Ni yeye, sio fundi peke yake."

Mugure akageuka. Baba yake alikuwa nyuma yake, amesikia kila kitu.

"Nitawaambia huo ukuta nilinunua nao," Kabiru akanong'ona. "Nitasema ni wa mwenyewe wa zamani."

"Baba. Chagua. Ukuta ama mimi."

Mzee akautazama ukuta kwanza. Mugure aliona hilo, likamuuma, na nakuambia hatalisahau hata akizeeka. Ndipo baba yake akashusha macho, akachukua nyundo.

Alizunguka kwa jirani na Ndung'u, kiatu kimoja mguuni, suti ya kuozea binti ikilowa mpaka mapajani. Jirani huyo Kabiru amekuwa akimwita mshamba kwa miaka, kwa sababu ameacha mafunjo yake yasimame. Alipita katikati ya ushamba huo, akatokea mbele ya ukuta wake upande wa ziwa. Akavuta kitambaa cha KARIBUNI. X ya pinki ikamtazama.

"Hapo hapo boss," Ndung'u akasema. "Hapo ndipo pengo lilikuwa."

Kabiru akapiga. Ukuta haukubishana. Simiti nayo ilikuwa ya duka lake.

Mawe yalipoanguka majini, kiboko aliinua kichwa, kinywa kimejaa bustani. Wanaume wawili wakatumbukia ndani ya mafunjo ya mshamba na kujificha. Mnyama akaja bila haraka, akapita kwenye njia yake mwenyewe kama mpangaji anayejua haki zake, akaingia ziwani, akazama. Mapovu yakabaki juu ya maji.

Ndung'u akamtazama boss wake. Mzee Kabiru alikuwa analia. Sijui kama ni kwa ajili ya ukuta au binti, na yeye mwenyewe sidhani alijua.

Ungefikiri mambo yaliishia hapo. Hata Kabiru alifikiri. Alirudi na matope yake, akafungua geti kubwa kwa mikono miwili, akatandaza tabasamu.

"Karibuni wakwe! Yameisha! Ukuta nimebomoa mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Mbuzi wako tayari!"

Hakuna aliyesogea. Jepkemei alikuwa amekaa tena juu ya jiwe.

"Mzee, hili jiwe ni la nini?"

"Hiyo? Ni ya urembo tu, mama. Nilikuta hapo nikaipaka nyeupe. Inapendeza na maua."

"Lina nambari ubavuni. Rangi yako imeanza kubanduka, nikaiona." Akasimama, akaligonga kwa kisigino. "Hii ni bikoni, mzee. Huu ndio mpaka wa ardhi ya ziwa. Kutoka hapa kurudi nyuma mpaka barabarani ni shamba lako. Kutoka hapa kwenda ndani..."

Hakumaliza, akanyoosha mkono tu. Watu wakafuata ule mkono. Ukapita juu ya tenti, ukapita juu ya tangi lenye DJ, ukapita juu ya nyumba ya vyumba vingi na bati lake la rangi ya maroni, mpaka kwenye maji.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, wageni walikuwa wamesimama mchana mzima wakiimba ndani ya shamba lote ambalo Mzee Kabiru anamiliki.

"Mama," Weldon akasema, amekumbatia kibuyu cha mursik. "Haiwezi kungoja Jumatatu?"

"Jumatatu atakuja mwenzangu. Mimi nitakuwa mkwe wa hapa, siwezi kushika hiyo rangi. Huyo mwenzangu hana maneno mengi. Lakini leo, mwanangu, mimi sitakula mbuzi ndani ya ziwa halafu nimpe yeye kazi ya kupaka X mahali nilipokula. Nitaonekana vipi?"

Wajomba wa Rongai wakatazamana. Mmoja akaanza kutafuta funguo za gari mfukoni. Mugure akaona, akasogea mbele.

"Basi tule hapa nje," akasema.

"Nje wapi?" babake akafoka.

"Hapa. Kwetu. Si ndio mama amesema hapa ni kwetu? Shangazi Wawira, toa sufuria."

Na Wawira, ambaye maisha yake yote amekuwa akizuia watu kuingia, akaanza kutoa watu nje. Viti vikatoka. Mbuzi wakatoka. Tenti ikang'olewa, ikasimikwa upya kati ya geti na barabara, magari yakipita yakipiga honi. DJ alishuka mwishowe. Yule mjomba akarudisha funguo mfukoni, akaomba kiti.

Mtu mmoja tu hakutoka. Mzee Kabiru alisema akivuka lile jiwe kwenda kwa karamu, atakuwa amekubali kwamba nyumba yake iko ziwani. Akakaa kwenye veranda na kiatu chake kimoja, mikono amekunja, anangoja wambembeleze. Wakamsahau. Alisikia vicheko. Alisikia harufu ya nyama yake mwenyewe ikichomewa watu wengine.

Lakini mahari haipokelewi baba hayupo. Jua lilipoanza kuinama, vicheko vikapungua. Wajomba wakasema njia ya Rongai ni ndefu. Mugure alikuwa ameshafunikwa, amekaa kati ya wasichana wengine, na chini ya kile kitambaa alikuwa anaomba kimya kimya, baba, toka, baba, toka.

Sijui kama alimsikia. Ninachojua ni kwamba mzee aliinuka, akatembea mpaka getini. Akakuta limefungwa.

Akabisha.

"Ni nani?" sauti ya Wawira ikauliza, kutoka nje.

"Wawira, wacha mchezo. Fungua."

"Hatuijui sauti hiyo. Ametoka wapi? Anatafuta nini?"

Nje, wanawake wa Rongai na wanawake wa Naivasha wakapasuka kwa kicheko, kisha wakaanza kuimba pamoja, wale wale waliokuwa wanazuiana mchana. Jepkemei aliimba nao.

"Mzee," Wawira akasema wimbo ulipotulia, na sasa hakuwa anacheza. "Binti yako anakungoja. Sema tu kwa mdomo wako mwenyewe shamba lako linaishia wapi. Sema, tufungue."

Kabiru akashika bati la geti. Akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi, ningekuonyesha kwa kidole.

Ilikuwa saa ile ya jioni ambayo viboko hutoka majini kwenda kula. Na nyuma yake, kwenye nyasi, kwa njia aliyoifungua kwa nyundo yake mwenyewe, kitu kikapumua.